Sijaruka Hata Sindano Moja

Daktari alimwambia Shamso kwamba anajipofusha kwa mikono yake mwenyewe.

"Macho ya mgonjwa wa sukari hayaharibiki hivihivi," alisema, bila kuinua uso kutoka kwenye faili. "Unaruka sindano. Wasichana wa umri wako mnaona haya kujidunga mbele ya wenzenu shuleni, mnaacha."

"Sijaruka," Shamso akasema.

"Wote husema hivyo."

"Sijaruka hata sindano moja tangu nilipoanza kujidunga, na nilianza nikiwa na miaka minane. Kabla ya hapo alinidunga mama."

Mama yake, Muslimo, alikuwa ameketi kando na mkoba mapajani. Kisomali chake kilijulikana soko zima la maziwa kwa ukali, lakini Kiswahili alikitumia ofisini tu, tena kwa taabu. "Daktari, huyu mtoto yangu. Mimi najua yeye. Asubuhi sindano, jioni sindano. Dawa naweka ndani ya chungu, mchanga na maji, hata joto ikuwe namna gani haiharibiki. Usiseme yeye mwongo."

Daktari aliandika mstari mmoja, akaisukuma faili mezani. Shamso aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, maana siku hizo herufi ndogo zilikuwa zimeanza kumkimbia. Akasoma: *Mgonjwa hafuati matibabu.*

"Naomba kalamu," alisema.

"Ya nini?"

"Niandike chini yake kwamba mgonjwa anakataa."

Daktari alicheka. Shamso hakucheka. Alisimama na mkono ameunyoosha, mpaka mama yake akamshika bega wakatoka nje kwenye jua la Garissa, lile jua la Februari linalowafanya hata mbuzi wagombanie kivuli cha ukuta.

Shamso alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu. Baba yake, Kerrow, alikuwa dalali wa mifugo, mtu wa maneno machache nyumbani kwa sababu maneno yake yote aliyamaliza mnadani. Dada yake Faiza alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa amechumbiwa. Kati yao alikuwepo kaka yao, Deeq.

Deeq naye alikuwa na sukari tangu utotoni. Macho yake yalianza kufifia akiwa na miaka kumi na minne, na zaidi ya hayo alikunywa maji kupita kiasi. Alikunywa dumu la lita tano kabla ya adhuhuri, akaenda haja ndogo usiku mzima, na bado ulimi wake ukawa mkavu. Watu walianza kunong'ona. Ndipo adeer Siyad, kaka mkubwa wa baba yao, akamchukua mpaka kwenye kambi yake ya ngamia karibu na Modogashe, ili atibiwe na mganga mmoja aliyesifika. Mganga akasema kijana ana jini, na jini hilo linaishi kwa maji. Akaagiza afungiwe maji.

Ilikuwa jilaal, kiangazi kikavu. Deeq alifungiwa maji siku mbili. Siku ya tatu alizikwa.

Waliambiwa sukari imempanda. Lile jambo la maji adeer Siyad mwenyewe alilieleza matangani bila kuficha: jinsi kijana alivyolia, na jinsi mganga alivyosema anayelia si yeye bali ni jini. Walioketi walisema innalillahi. Hakuna aliyeuliza swali. Shamso alikuwa na miaka kumi na mitatu, na yeye pia hakuuliza.

Sasa kiu ileile ilikuwa imemwanza yeye.

Wiki tatu baada ya kisa cha faili, Muslimo alisikia sokoni kwamba daktari wa macho amekuja mjini, mwanamke wa Wajir, na atakaa siku tano. Wakafika alfajiri wakakuta foleni. Daktari Idman alikuwa mwembamba, na hakuzungumza mpaka amemaliza kutazama. Alimwekea Shamso matone, akangoja, kisha akamulika jicho moja muda mrefu, halafu la pili, halafu akarudi la kwanza.

"Nani amekwambia hii ni sukari?" aliuliza kwa Kisomali.

"Daktari. Alisema naruka sindano."

"Sukari ikiharibu macho, huku nyuma kunakuwa na damu na madoa. Kwako ni safi. Lakini mshipa unaopeleka mwanga kwenye ubongo umepauka kama jivu." Akachukua karatasi za maabara walizokuja nazo. "Na kipimo hiki cha damu cha miezi mitatu ni kizuri kuliko cha wagonjwa wangu wengi. Hukuruka sindano wewe."

Machozi yalimtoka Shamso, akakasirika kwamba yametoka.

Daktari Idman aliendelea kuuliza. Unakunywa maji mengi hata sukari ikiwa sawa? Ndiyo. Watu wakikuita kutoka nyuma unasikia? Si kila mara. Nyumbani kuna mwingine? Muslimo ndiye aliyejibu, akamtaja Deeq. Baba na mama wana undugu? "Babu zetu ni ndugu wa tumbo moja," Muslimo akasema. "Kwetu tumeoana hivyo vizazi vitatu."

Daktari akatoa kichupa, akamwambia Shamso ateme mate ndani yake mpaka kwenye mstari. Muslimo naye akatema kwenye cha kwake. Jioni Kerrow aliletwa kutoka mnadani, akatema akiwa amegeukia ukuta kwa aibu. Vichupa vilipelekwa Nairobi, na kutoka huko vikasafirishwa mbali zaidi, kwa watafiti waliokuwa wakipima ugonjwa huo bila malipo.

Majibu yalirudi baada ya miezi miwili na nusu, wakati Daktari Idman amerudi Garissa. Aliwaketisha mama na binti, akaufunga mlango.

"Mwili umejengwa kwa vijumba vidogo sana, tunaviita seli," alianza. "Kila seli inatengeneza protini. Protini ikianza kutengenezwa ni kama uzi mrefu, haina kazi mpaka ikunjwe ikapata umbo lake. Ikikunjwa vibaya haifai kitu, na zikirundikana zilizokunjwa vibaya, seli inaingia taabuni."

"Kama mzigo uliofungwa na mvivu," Muslimo akasema. "Ngamia anachubuka mgongo."

"Naam. Sasa seli ina akili. Ikiona zinarundikana, inapiga kamsa. Inapunguza kutengeneza mpya, inaita wasaidizi wakunje upya, na zile zilizoshindikana inazivunjavunja. Mambo yakitulia, kamsa inazimwa. Yasipotulia, seli inajiua yenyewe."

"Na zangu?" Shamso akauliza.

"Kuna protini ambayo kazi yake moja ni kuituliza hiyo kamsa. Maelekezo ya kuitengeneza kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Ikiharibika moja, ya pili inatosha, wala hutajua. Kwako zimeharibika zote mbili. Kamsa haizimiki. Seli za insulini zina kazi nzito ya kukunja, kwa hiyo zilikufa kwanza. Kisha mshipa wa macho. Masikio nayo yameguswa, na pale kwenye ubongo panapoamuru figo zishike maji."

Shamso alilipanga jambo hilo kichwani. "Kwa hiyo seli zangu zimepigana tangu nilipozaliwa."

"Zimepigana, na zilizobaki zinapigana hata sasa."

"Dawa?"

Daktari Idman hakumdanganya. Alisema dawa ya kuponya haijapatikana, watu wanaitafuta. Insulini iendelee. Macho yataendelea kupungua, pengine yote. Kwa kiu kuna kidonge kidogo, atamwandikia. "Na maji asinyimwe hata siku moja. Mtu wa ugonjwa huu akinyimwa maji siku mbili kwenye joto letu hili, anakufa."

Muslimo aliinuka kwenye kiti kama aliyechomwa. Alikwenda akasimama ukutani, akaegemeza paji la uso, akalitamka jina la mwanawe mara moja tu.

Kabla hawajatoka, daktari alisema neno moja zaidi. Ndugu wa Shamso huenda amebeba nakala moja mbovu bila kuumwa. Akiolewa na mtu aliyebeba kama yeye, kila mtoto watakayemzaa atakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuwa kama Shamso. Akiolewa na asiyebeba, hakuna mtoto atakayeumwa.

Faiza alikuwa amechumbiwa na Yakub, mtoto wa adeer Siyad.

Kerrow aliposikia, alikaa muda mrefu akizungusha tasbihi. "Tusilitaje," alisema hatimaye. "Wazee wanakuja Alhamisi kupanga siku. Nitatafuta namna ya kuchelewesha."

"Utachelewesha mpaka lini, abo?" Shamso akauliza.

Kerrow alivaa viatu akatoka.

Alhamisi baada ya swala ya alasiri wazee saba waliketi kwenye mikeka uani. Adeer Siyad alikaa katikati, ndevu zimepakwa hina, fimbo mapajani. Chai ya iliki ilimiminwa. Mazungumzo yalifika kwenye ngamia wa mahari, na Kerrow alikuwa bado hajachelewesha lolote, Shamso alipotoka ndani akiwa na karatasi ya majibu mkononi.

"Salaam aleikum, wazee wangu. Naomba kusema."

"Rudi ndani," Kerrow akasema kwa sauti ya chini.

"Nitarudi nikishasema. Faiza na Yakub wapimwe kwanza."

Akaeleza alivyoelezwa. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, kisha ikakaa sawa. Hakuwaona nyuso vizuri, kwake walikuwa vilemba vyeupe na vivuli, na pengine hilo lilimsaidia.

Adeer Siyad alimsikiliza mpaka mwisho. "Umemaliza? Sasa nisikilize. Damu ya ukoo huu ni safi. Mimi nimeoa kwetu, baba yako kwetu, babu yako kwetu. Mungu amehalalisha ndoa ya binamu. Wewe mtoto wa shule unaharamisha?"

"Siharamishi, adeer. Nyama ya ngamia pia Mungu ameihalalisha, na bado kule machinjioni inakaguliwa kabla hatujaila."

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Adeer Siyad hakucheka. "Ugonjwa wako unajulikana," alisema. "Ni uleule wa kaka yako. Ungeletwa kambini mapema ungetibiwa."

Hapo ndipo Kerrow alipoinuka kumzuia binti yake, lakini alikuwa amechelewa.

"Deeq hakuwa na jini," Shamso akasema. "Figo zake zilikuwa zinamwaga maji yote. Ugonjwa wetu ni mmoja, ameuandika daktari, uko hapa. Alikuwa analia kwa sababu ana kiu, adeer. Aliwaomba maji."

Adeer Siyad alisimama, gilasi yake ikapinduka mkekani. Alitazama mlangoni kama aliyesahau njia, kisha akaondoka bila viatu. Wazee wengine walimfuata mmoja mmoja.

Faiza alikuwa amesikia kila kitu kutoka dirishani.

"Umemuua mkwe wangu kwa aibu mbele ya watu," alimwambia Shamso. "Miaka miwili nimemngoja Yakub. Wewe ni nani uniamulie?"

"Sijakuamulia. Nimesema upime."

"Na nikiwa nimebeba?"

"Basi utajua. Mama hakujua. Mimi nilijua nikiwa nusu kipofu."

Faiza alimfungia mlango, na kwa wiki mbili hakusema naye. Mjini maneno yalizagaa kwamba nyumba ya Kerrow ina laana, kwamba binti amewavua wazee nguo hadharani. Sokoni wateja wa zamani walianza kumpita Muslimo na kununua maziwa ya ngamia kwa majirani. Siku ya tatu aliyabeba madumu yake kutoka katikati ya safu, akayapanga mbele kabisa, pale kila anayeingia lazima amruke. "Maziwa ni yaleyale ya juzi!" aliwapazia sauti. "Anayeogopa aniambie usoni!" Aliwapa mchana mzima nafasi ya kusema, na hakuna aliyemwambia.

Yakub alikuja bila kuitwa. Alikuwa na duka la nguo Liboi, na alitumia siku nzima barabarani kwa sababu ya vizuizi vya ukaguzi. Alifika na vumbi mpaka kwenye kope, akamsalimu Muslimo, akamgeukia Shamso.

"Kichupa kiko wapi?"

"Baba yako anajua umekuja?"

"Baba yangu halali siku hizi. Hajaniambia niende wala nisiende. Nipe kichupa, walaal, ndugu yangu."

Daktari Idman alikuwa ameviacha viwili. Yakub akatema kwenye chake palepale uani. Faiza alikuwa amesimama mlangoni, shungi limefunika mdomo. Alitazama, akasogea, akachukua cha pili kutoka mkononi mwa dada yake kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika, akaingia nacho ndani. Alipokirudisha kilikuwa kimejaa mpaka kwenye mstari.

Wakati wa kungoja majibu, asubuhi moja Shamso akiwa sokoni na mama yake, mtu alichuchumaa mbele ya madumu. Shamso alimjua kwa harufu ya hina na ngozi ya ngamia. Muslimo aliona ni nani, akaendelea kupima maziwa, lakini maziwa yalikuwa yanamwagika nje ya kipimo.

"Kama ningempa maji," adeer Siyad akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, si ile ya uani. "Niambie wewe uliyesoma. Kama siku ile ningempa maji?"

Shamso angeweza kumwambia kwamba siku ya mtu kufa imeandikwa, na lingekuwa neno la kweli katika dini yao wote. Bila shaka wengine walikuwa wamemwambia mzee hivyo tayari, na bado alikuwa hapa.

"Angeishi siku ile, adeer," alisema. "Baada ya hapo sijui. Lakini siku ile angeishi."

Mzee aliinamisha kichwa. Mabega yalimtikisika, na wauza maziwa wakageuza nyuso zao kwa heshima.

"Sikuja kuomba unisamehe," alisema baadaye.

"Na mimi sijasema nimekusamehe."

"Nifanye nini?"

Shamso alikuwa amelala na swali hilo siku nyingi bila kujua litaulizwa. "Kule Modogashe wanakusikiliza. Ijumaa baada ya swala, simama useme. Useme kwamba mtoto akinywa maji sana apewe maji, apelekwe hospitali. Useme ulichofanya."

"Mbele ya watu?"

"Ulisimulia matangani mbele ya watu."

Adeer Siyad alikaa akitazama mikono yake. "Hilo ni zito, Shamso."

"Najua."

Aliondoka bila kuahidi. Ijumaa ya kwanza ilipita, na ya pili. Ijumaa ya tatu dereva wa lori la mifugo alimwambia Kerrow kwamba kakake alisimama msikitini, akashika nguzo kwa mikono miwili, akasema yote, jina la mtoto na idadi ya siku. Baadhi ya watu walitoka kabla hajamaliza. Yule mganga alihama wiki iliyofuata. Na baba mmoja alimpakia binti yake mdogo kwenye gari siku hiyohiyo, akamleta Garissa. Binti huyo alikutwa na ugonjwa wa kawaida wa sukari, ambao nao ungemuua. Yuko hai.

Kerrow alisimulia haya akiwa amesimama mlangoni, kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Shamso akiwa mdogo: aliketi sakafuni karibu naye. "Siku ile uani," alisema, "nilisimama kukuziba mdomo. Nilikosea."

Majibu yalikuja mwezi wa tisa. Yakub amebeba. Faiza hajabeba. Daktari Idman alirudia mara mbili kwenye simu, kwa sababu Faiza alikuwa akimwambia arudie: watoto wenu huenda wakabeba kama baba yao, lakini hakuna atakayeumwa ugonjwa huu. Faiza alikata simu, akamkuta Shamso anafua, akamshika kwa nyuma, povu likawalowesha wote wawili. Hakuomba radhi, wala Shamso hakudai.

"Ningekuwa nimebeba ningefanyaje?" Faiza aliuliza, kidevu begani mwa mdogo wake.

"Ungeamua wewe."

Harusi ilifanyika Desemba. Shamso alikuwa haoni tena nyuso, aliona mwanga na rangi kali tu, na mwalimu mkuu alikuwa amemshauri akae nyumbani badala ya kujisumbua na kidato cha nne. Alikuwa amemjibu kwamba mtihani atafanya, na kama shule haina wa kumsomea maswali, ataandika barua kwa kila ofisi ya elimu mpaka apatikane. Alikuwa amekwisha kutamka barua ya tatu, na Faiza ndiye aliyeiandika.

Siku ya sherehe ya wanawake, hema lilijaa uvumba na shangwe. Mwanamke mmoja wa mbali, aliyefika kutoka Banissa, alimwona Shamso akipapasa njia, akasema kwa sauti, "Maskini, mtoto mzuri hivi."

"Shangazi, mimi si maskini," Shamso akasema. "Nipishe nifike kwenye ngoma."

Walimpisha. Alipofika aliomba zamu ya kutumbuiza, buraanbur, mashairi ya wanawake. Alikuwa ameyatunga kitandani kwa miezi. Alimsifu Faiza kwanza, kama desturi ilivyotaka, akamsifu Yakub aliyekuja na vumbi kwenye kope. Kisha akamtaja Deeq, mtoto wa Muslimo, jina ambalo hakuna aliyelitaja kwenye furaha yoyote kwa miaka mitatu. Ngoma ilisita. Sauti ya Shamso ilimkatikia katikati ya mstari.

Muslimo, aliyekuwa akigawa nyama, aliiweka sinia chini. Hakuyajua mashairi hayo, lakini aliushika mstari pale ulipokatikia, akaumalizia kwa maneno yake mwenyewe, na Faiza akainuka na hina mbichi mikononi, akaanza kupiga makofi.